Kipenga Nakisamehe, Ofisi Siisamehe

Mtu anayefuatilia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, akiwa Nairobi hana budi kuutoa usingizi wake sadaka, kwa sababu mechi zinazochezwa usiku kule Marekani hutukuta sisi saa tisa au saa kumi za usiku. Jirani yangu wa ghorofa ya juu amekwisha kunizoea. Nikipiga ukelele alfajiri hugonga sakafu mara mbili kwa mpini wa ufagio, nami hutulia. Tarehe 28 Januari 2023, ambayo kwetu ilikuwa tayari Jumapili, aligonga mara nyingi zaidi. Lakers na Celtics walikuwa wamefungana 105 kwa 105 mjini Boston, LeBron James wa Lakers akaenda kikapuni katika sekunde za mwisho, Jayson Tatum wa Celtics akampiga mkono, na kipenga hakikulia. Patrick Beverley, naye wa Lakers, alichukua kamera ya mpiga picha aliyekuwa kando ya uwanja akaenda kumwonyesha mwamuzi ushahidi, na malipo yake yakawa faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu. Celtics walishinda 125 kwa 121 katika muda wa ziada, na baadaye waamuzi wakakiri kwamba walikosea.

Nilikasirika, lakini hasira ile haikufika siku ya pili. Niliwahi kushika kipenga katika mashindano ya vijana mtaani kwetu, kwenye uwanja wa saruji ambao mistari yake ilikuwa imefutika nusu, na najua jinsi mgongo wa mchezaji mmoja unavyoweza kukuzibia kila kitu. Siku moja nilimpulizia faulo mlinzi ambaye, kwa kauli ya watu wote waliosimama upande wa pili, hakumgusa mwenzake hata kidogo. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, macho uliyaacha wapi?” Sikuwa na jibu. Mwamuzi hupewa chini ya sekunde moja, naye huamua kwa alichokiona kutoka pale alipokuwa amesimama.

Wanaonishinda ni wale wa ofisi ya ligi, wanaotoa adhabu baada ya mechi. Hao wana picha za kila upande, wana wanasheria na wana siku nzima ya kutafakari, na bado adhabu zao hazifanani. Mwaka 2007, katika mechi ya nne ya mtoano kati ya Phoenix Suns na San Antonio Spurs, Robert Horry wa Spurs alimsukuma Steve Nash wa Suns hadi kwenye meza ya waandishi wa matokeo. Amar'e Stoudemire na Boris Diaw wa Suns waliinuka kwenye benchi wakapiga hatua chache kuelekea kwa mwenzao, kisha wakarudi bila kumgusa mtu. Kanuni ilisema anayeondoka kwenye benchi wakati wa ugomvi hukosa angalau mechi moja, na ofisi ikaifuata kanuni herufi kwa herufi: Horry alifungiwa mechi mbili, wao moja moja. Timu zilikuwa sare, zimeshinda mechi mbili kwa mbili, na Suns wakapoteza mechi ya tano nyumbani kwao, 88 kwa 85. Ligi ilijitetea kwamba sheria ni msumeno, na mimi, ingawa iliniuma, niliukubali utetezi huo.

Basi msumeno huo ulikuwa wapi mwaka 2024? Jamal Murray wa Denver, akiwa ameketi kwenye benchi, alirusha mfuko wa kukandia misuli hadi ndani ya uwanja wakati mchezo dhidi ya Minnesota ukiendelea. Angeukanyaga mtu, goti lingekwenda. Alitozwa faini ya dola 100,000, akacheza mechi iliyofuata. Diaw alikosa mechi kwa kutembea.

Watu hunitajia Draymond Green wa Golden State kila ninapoyasema haya, lakini kisa chake cha mwaka 2016 kinaniunga mkono mimi. Katika mechi za mtoano kila faulo mbaya huhesabiwa alama, na anayezidisha alama tatu hukosa mechi moja. Green alizidisha, akakosa mechi ya tano ya fainali, na Golden State iliyokuwa ikiongoza 3 kwa 1 ikapoteza ubingwa. Mara ofisi ilipoamua kwamba ile ni faulo mbaya, hesabu iliyobaki kila mtu aliweza kuifanya mwenyewe. Mwaka 2023 alipomkanyaga Domantas Sabonis kifuani, ligi ilimfungia, ikasema imezingatia pia rekodi yake ya zamani. Hilo ni sawa kwangu, ila rekodi hiyo inaongeza uzito kiasi gani, na kwa nani? Hapo hakuna hesabu ya kufanya, na mchezaji hubaki kusubiri hukumu kama mtu anayesubiri mvua.

Mashindano yale ya mtaani nayo yalikuwa na kamati yake ya nidhamu. Kijana mmoja alinisukuma kifuani baada ya mechi, akafungiwa mechi mbili, na hakuna aliyelalamika. Wiki tatu baadaye mwingine alinifanyia vilevile, tena mbele ya kamati yenyewe, lakini huyu ndiye aliyekuwa akijaza watu uwanjani kwa vikapu vyake, kwa hiyo aliambiwa aniombe radhi. Aliniomba, tena kwa adabu. Kipenga nilikikabidhi kwa kamati jioni hiyo hiyo.