Eagle, chombo changu cha anga
Jana usiku nimerudia vipande vya Space: 1999, tamthilia ya Uingereza iliyoanza kurushwa 1975, kuhusu watu wanaoishi kwenye kituo Mwezini. Hadithi zenyewe, tusidanganyane, nyingine zinasinzisha. Lakini Eagle, chombo chao cha anga! Kila kikitokea naacha kila kitu, natazama.

Kilibuniwa na Brian Johnson. Hakikuchongoka kama roketi wala hakina mabawa, maana Mwezini hakuna hewa, mabawa ya nini? Ni fremu ya vyuma iliyoachwa wazi, marubani mbele, injini nyuma, miguu minne ya kutulia, na katikati behewa linalobadilishwa kulingana na kazi: abiria, mizigo, hata uokoaji. Lori la angani kabisa. (Halafu kinatua kwenye sayari zenye hewa bila wasiwasi, hilo tuliache.)

Modeli kubwa ya kupigia picha ilizidi urefu wa mita 1, na mafundi waliibandika vipande vya seti za plastiki za kuunganisha ili ionekane imejaa mabomba na mitambo. Ndiyo maana vumbi likitimka wakati wa kutua, unaamini kina uzito.

Wapenzi wa vyombo vya kuchorwa kwa kompyuta, leteni chenu hapa tushindanishe.