Nilivyoacha tabia ya kutoa mchango wa harusi ili nisisemwe

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni ule wa "achana na maneno ya watu". Naachana nayo vipi? Hilo hakuna aliyeniambia. Miaka kama sita hivi nilikuwa mtu wa kuitikia tu, kamati ya harusi nimo, sendoff nimo, kicheni pati nimo, sare nanunua na fundi namlipa halafu nguo yenyewe naivaa mara moja. Kuna Januari moja nimelipa kadi ya dabo, ile ya watu wawili, kama laki hivi, ya mtoto wa mtu niliyewahi kufanya naye kazi zamani, kesho yake mwanangu karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nililia jamani. Kilichoniuma zaidi, nilijua kabisa ile hela niliitoa ili nisisemwe.

Kwanza nikajaribu kujieleza. Nikaandika meseji ndefu kwenye grupu la ukoo, ada, kodi ya nyumba, marejesho ya kikoba, nikaisoma mara tatu ndo nikatuma. Weee! Huyu anasema kikoba kinaweza kusubiri, yule anasema weka ahadi tu utapunguza kidogokidogo, binamu kanifuata inboksi kuuliza kama nina ugomvi na bibi harusi. Nikaishia kutoa, na elfu ishirini nikaongeza juu! Ndo nikaelewa kwamba kila sababu niliyotoa ilikuwa ni kuomba ruhusa, na ukimuomba mtu ruhusa umempa na nafasi ya kukunyima.

Siku hizi mwanzo wa mwaka natenga hela ya shughuli za watu, ikiisha imeisha (msiba siuweki humo, msiba naenda). Kadi nyingine ikija najibu "Hongereni sana, safari hii sitaweza, nawatakia kila la heri." Basi. Usiweke "kwa sababu" hata moja. Kuandika ni rahisi, kazi iko kwenye zile dakika kumi baada ya kutuma, mkono unawasha uongeze maelezo, unachungulia kama tiki zimekuwa za bluu. Mimi simu naifungia kwenye kabati la vyombo nachambua mchicha, nikirudi nakuta "sawa dada, asante", na mara nyingi ndo imeisha hivyo.

Aliyeniwia mgumu ni shangazi. Alipiga, tukasalimiana, akasema "Mwanangu, watu wanakusema huku." Nikamjibu "Najua shangazi," nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Kile kimya kilinitoa jasho, zamani ningeshaahidi kitu hapo hapo. Mwisho akauliza, "Watoto hawajambo?" Hawajambo shangazi, wako shule.

Mwezi uliopita nilienda harusi ya jirani, huyo nilimchangia kwa moyo, sare sikununua. Nikavaa gauni langu la bluu la siku zote katikati ya wenye sare, nikacheza mpaka viatu nikavua.