Nilivyompata Wukong bila kununua platinamu

Kila niliyemuuliza namna ya kupata deraya ya Wukong, mmoja wa wahusika unaocheza nao kwenye gemu ya mtandaoni ya Warframe, alinijibu vilevile: nunua platinamu, yaani sarafu ya gemu inayolipiwa kwa pesa halisi. Hapa Kampala data yenyewe tunakatwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, halafu nikanunue na sarafu za gemu? Nilikataa, na Wukong ninaye. Nilichotumia ni bando tu, na bando ningenunua hata hivyo.

Ushauri mwingine ulinikera zaidi: "Anzisha ukoo wako," yaani kundi lako la wachezaji. Ni kweli bluprinti za Wukong, yaani michoro ya kumuundia, zinatoka Tenno Lab, maabara iliyomo kwenye dojo, makao ya ukoo ndani ya gemu. Lakini kujenga dojo peke yako kunakula malighafi zako zote, na utafiti nao una siku zake za kusubiri. Kwa nini niteseke hivyo, na koo zilizokwisha kumaliza utafiti zimejaa zinatafuta watu? Niliomba kuingia kwenye mmoja, nikatengeneza ufunguo wa dojo, nikaenda moja kwa moja maabara na kunakili bluprinti zote kwa krediti, pesa za gemu nilizochuma kwa kucheza misheni. Hapo ndipo utamu ulipo: ukishanakili, ni zako, hata ukihama ukoo jioni hiyohiyo. Washauri wangu wote walikuwa hawalijui hilo.

Umeme ukikatika usihangaike. Saa za kuunda deraya kutokana na bluprinti zinahesabiwa kwenye seva, si kwenye mashine yako. Weka sehemu zake zote tatu kwa mpigo, saa 12 kila moja, kisha deraya yenyewe saa 72. Wewe kalale.

Na jamaa anastahili kusubiriwa. Waliomtengeneza walizijua vizuri ngano za Sun Wukong, mfalme wa tumbili wa Wachina, mjanja kama Sungura wetu. Katika ngano anashuka kuzimu na kufuta jina lake kwenye daftari la wafu. Ndani ya gemu, pigo la kumuua likimpata hafi: anainuka, uhai unarudi, na anapewa baraka moja ya bahati nasibu, hadi mara tatu kwa misheni. Kule anang'oa nywele zake na kuzigeuza watu wanaofanana naye, huku anaita pacha. Mimi nikishika panga, pacha anafyatua bunduki. Nikishika bunduki, yeye anaingia na panga.

Kwa intaneti yetu, kuwa na pacha ni jambo kubwa mno. Kwenye kikosi, mwenyeji wa misheni, yule mchezaji ambaye mashine yake ndiyo inayoiendesha, akiwa mbali, maadui wanarukaruka na risasi hazifiki. Sasa nachagua kucheza peke yangu, pacha ndiye kikosi. Nikizidiwa nageuka wingu, napaa juu ya vichwa vyao huku uhai ukijaa.

Ukiwa maabara, angalia pia bluprinti za deraya nyingine, Nezha, yule aliyepigana na Wukong katika ngano hizohizo. Zipo palepale, nami nilizinakili siku hiyohiyo.