Ua wa mama

Nipo Tanga, nyumbani kwetu Ngamiani, likizo ya wiki mbili. Jana asubuhi mama alikuwa anafagia ua kwa ufagio wa chelewa, kama anavyofanya tangu nipate akili. Akaniambia, "Si uchimbe hapa mwanangu, tujue na sisi tuna nini?"

Anajua kazi yangu ni kupima mionzi kwenye udongo. Nikamjibu, "Hapa hapafai, mama. Umepafagia mno."

Watu wengi wakisikia kazi hii huwaza mashine. Mashine ipo, kigunduzi cha mionzi kilichotengenezwa kwa jermaniamu, kinachopozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri na kuzungushiwa kuta nene za madini ya risasi. Lakini mimi naiogopa zaidi koleo. Chukua mfano wa Semipalatinsk, Kazakhstan, ambako Wasovieti walilipua mabomu ya nyuklia zaidi ya 450 kati ya 1949 na 1989. Sesiamu-137, dutu yenye mionzi inayozaliwa na milipuko hiyo, ikianguka ardhini hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, na pasipolimwa sehemu kubwa yake hukaa sentimita chache tu za juu. Sasa wewe chimba kwa pupa hadi sentimita 20, uchanganye vyote kwenye mfuko mmoja: udongo safi wa chini utaizimua sesiamu, na mashine itakupa namba ndogo. Haitakuonya. Nikiwa mwanafunzi niliacha tabaka la juu limomonyoke likaingia kwenye la chini yake. Nilikausha, nikachekecha, nikapima usiku kucha, kumbe napima uzembe wangu. Linaniuma mpaka leo, maana kuna watu wanaolisha mifugo juu ya ardhi za namna hiyo wakitegemea namba zetu.

Na hiyo ni sesiamu, inayojitangaza yenyewe kwa mionzi ambayo mashine huiona moja kwa moja. Plutoniamu-239, dutu nyingine ya mabomu hayo, ambayo huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu, hutaipata sawasawa mpaka udongo uuyeyushe kwa tindikali.

Mama akauliza, bomu la huko na ua wake wapi na wapi? Nikamweleza kwamba milipuko ya angani ya miaka ya 1950 na 1960 ilirusha vumbi juu sana, likaizunguka dunia, likawa linashuka na mvua. Chembe chache zilifika hata pwani yetu, na kwa kuwa sesiamu hupungua nusu kila miaka 30, ya wakati ule imebaki kama robo. Lakini hapa uani tabaka la juu limeshaondoka na ufagio, asubuhi baada ya asubuhi.

Akasimama kidogo, akatazama jaa lililo nyuma ya migomba, anapomwaga taka zake miaka yote.

"Basi si limehamia kule?"

Nikaenda kutafuta rula.