Kumbukumbu ya saa yangu, wiki ya tisa: skrubu za buluu na kona ya ndani

Jumamosi umeme ulipotea hapa Kisumu tangu asubuhi, nikasogeza meza dirishani. Ikawa heri. Mwanga wa upande mmoja hufichua kila mkwaruzo ambao taa ya juu huuficha.

Mashine ya saa ninayoipamba ni ya muundo wa Unitas 6497, ya kutia ufunguo kwa mkono, kipenyo milimita 36.6. Ilibuniwa kwa saa za mfukoni, kwa hiyo madaraja yake, vile vibamba vinavyoshikilia magurudumu, ni mapana na mkono wa mwanafunzi hupata pa kufanyia kazi.

Nilianza na skrubu sita. Hung'arishwa vichwa kwanza, kisha hulazwa juu ya chenga za shaba ndani ya kisahani, taa ya spiriti chini yake, ili joto lipande polepole na sawasawa. Hapo unakaa macho. Chuma hugeuka manjano ya majani makavu, kikaingia kahawia, kikawa zambarau, halafu karibu na nyuzi 300 za Selsiasi buluu inakuja yote kwa pamoja. Ukichelewa kidogo inafifia na kuelekea kijivu. Hakuna rangi iliyopakwa pale; ni utando mwembamba wa oksaidi unaocheza na mwanga.

Ya tatu ilitoka na doa. Nikampelekea jaduong', yaani mzee, mmoja anayetengeneza saa mjini, ambaye huniruhusu kukaa karibu na meza yake. Akaitazama kwa lenzi mara moja tu: "Uliishika kwa kidole, mwanangu. Jasho hilo." Nikaing'arisha upya, nikaiosha kwa spiriti, nikaishika kwa kibano pekee. Sasa iko sawa na wenzake.

Kazi iliyonila wiki nzima ni kingo za daraja. Ukingo hukatwa kwa tupa kwa mshazari wa nyuzi 45, ukafuatwa na msasa wa 600, 1000 na 2000, halafu ukang'arishwa kwa kijiti chenye unga wa almasi. Mahali kingo mbili zinapokutana kuelekea ndani ndipo penye mtihani. Kifaa kinachozunguka huacha mviringo pale, kwa kuwa chenyewe ni mviringo; kona kali hutoka kwa mkono tu. Ndiyo maana wajuzi wakifungua saa ya thamani hukimbilia kuitazama hiyo.

Uswisi hutumia kijiti cha jentiani, mmea wa milimani. Philippe Dufour wa Vallée de Joux, aliyetoa saa yake ya Simplicity mwaka 2000, hung'arisha kwa huo. Mimi nilijaribu mafunjo ya Dunga, kinamasi cha hapa Kisumu: laini mno, yanabonyea, ingawa kwa kusafishia ncha za kibano sijapata kitu bora. Kisha nikakumbuka mlingoti wa mkonge kwenye ua wa nyumbani. Uliokauka vizuri una nyuzi zinazoshika unga wa almasi bila kukwaruza, na unachongeka kwa wembe hadi ncha ya patasi.

Mara mbili niliiviringisha kona kwa haraka yangu, ikabidi nirudi kwenye tupa. Mara ya tatu nilisukuma kijiti kuelekea kona kutoka upande mmoja, nikakoma kabla ya kufika, nikaja kutoka upande wa pili. Nilichonga upya ncha kila baada ya misukumo kumi hivi.

Utando wa nikeli umeondoka ukingoni na shaba imejitokeza, mstari wa manjano ukizunguka daraja la kijivu. Ningeweza kupeleka lipakwe tena. Nimeamua libaki hivyo, ninalipenda.

Leo jioni nililiinamisha chini ya lenzi. Ukingo mmoja ukawaka mweupe, wa pili ukawa mweusi kabisa, na katikati yao mstari mwembamba kama unywele ukaingia hadi ndani ya kona. Zimebaki kona tatu.