Duka Tupu, Sanaa na Bili ya Kodi

Jumapili, usiku

Kikundi kikiomba duka tupu kwa muda ili kuendesha humo mradi wa sanaa, swali la kwanza la mwenye jengo halihusu sanaa. Anataka kujua nani atalipa kodi ya majengo ya biashara inayotozwa na halmashauri, na mtatoka lini. Watu wenye mawazo mazuri ya kufufua maduka matupu kwenye mitaa ya maduka ya Uingereza humwendea na michoro na maneno matamu kuhusu jamii, wakarudi mikono mitupu, kisha wakamwita bahili. Huenda ni bahili kweli. Mara nyingi, hata hivyo, hakuonyeshwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika England, duka likibaki tupu halitozwi kodi ya majengo ya biashara kwa miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo kodi hurudi yote, kana kwamba wateja wanaingia na kutoka. Hupatikana kwa kuchukua thamani ya jengo iliyowekwa na serikali, yaani makadirio ya pango lake la mwaka, na kuizidisha kwa kiwango cha mwaka. Mwaka wa fedha 2024/25 kiwango cha majengo madogo kilikuwa peni 49.9 kwa kila pauni. Duka lenye thamani hiyo ya pauni 20,000 lilimgharimu mwenyewe pauni 9,980 kwa mwaka bila kuuza hata kiberiti. Likikaliwa na shirika la hisani linaloendesha humo shughuli zake, sheria huondoa asilimia 80, na bili hiyo inashuka hadi pauni 1,996. Halmashauri ikiamua, yaweza kusamehe hata hizo. Ukurasa mmoja wenye tarakimu hizi hufungua mlango upesi kuliko faili zima la picha.

Kuna na kipengele cha wiki. Duka likikaliwa mfululizo kwa muda uliowekwa, kisha likawa tupu tena, mwenye jengo hupata miezi 3 mipya ya msamaha. Muda huo ulikuwa wiki 6. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, England, ni wiki 13. Miradi ya sanaa ya wiki 6 ilikuwa mingi kwa sababu hiyo, na bado wapo wanaopanga kwa kalenda ya zamani, wakishangaa kwa nini mwenye jengo amepoa ghafla. Panga wiki 14, maana wiki ya kwanza huliwa na mafundi. Weka ushahidi wa kukaa tangu siku ya ufunguo: picha zenye tarehe, usomaji wa mita, ratiba ya zamu. Halmashauri zimeshaona maduka "yaliyokaliwa" na maboksi matatu ya vipeperushi, na siku hizi haziamini kirahisi.

Hofu ya pili ya mwenye jengo ni mpangaji asiyetoka. Sheria ya mwaka 1954 ya wenye majengo na wapangaji humpa mpangaji wa biashara haki ya kudai mkataba mpya. Ndiyo maana mikataba ya muda huwa ya chini ya miezi 6, au huandikwa kwa kuiondoa haki hiyo kwa utaratibu rasmi: mwenye jengo hutoa onyo la maandishi, na mpangaji hulijibu kwa tamko kabla ya mkataba kufungwa. Kikundi kinachojileta chenyewe na rasimu ya aina hii, pamoja na ahadi ya kuondoka ndani ya siku 30 mpangaji wa kudumu akipatikana, kimeshamtua mzigo nusu. Australia walilitambua hilo mapema. Renew Newcastle, mradi wa kutumia majengo matupu katika mji wa Newcastle wa huko, ulioanzishwa na Marcus Westbury mwaka 2008, ulijengwa juu ya ruhusa fupi za kukaa zilizokuwa zikirefushwa siku 30 kwa 30.

Kwa wenye majengo wasiosikia lolote, tangu Desemba 2024 halmashauri za England zinaweza kupiga mnada upangaji wa duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 katika miezi 24, kwa mkataba wa mwaka 1 hadi 5. Ni fimbo nzuri kuwa nayo nyuma ya mlango. Kuanza nayo mkononi ni kuharibu mazungumzo.

Ninachojiuliza kila ninapofikiria muda mfupi namna hii ni kitu gani hasa kinafufuka. Soko la ndani la Brixton, London, lilifufuliwa kuanzia mwishoni mwa 2009 pale kikundi cha Space Makers kilipojaza takribani vibanda 20 vilivyokuwa vitupu kwa kuwapa watu miezi 3 bila pango. Vibanda vilijaa, watu wakaja, kisha pango likapanda, na mjadala wa nani alinufaika haujaisha. Folkestone, pwani ya Kent, walikwenda njia nyingine: majengo yapatayo 90 katika mtaa wa zamani yalinunuliwa kwa fedha za mfuko wa hisani wa mfanyabiashara Roger De Haan, kisha shirika la sanaa likapewa kwa upangaji wa miaka 125. Huko msanii haondolewi kwa kosa la kuufanya mtaa upendwe. Wiki 14 haziwezi kushindana na hilo, na tusidanganye kwamba zinaweza. Kazi yake ni ndogo zaidi: kumthibitishia mpangaji ajaye kwamba paa halivuji, umeme unawaka, na watu bado wanapita.

Basi turudi kwenye jengo. Siku ya kupokea ufunguo, kabla ya brashi na rangi, piga picha kila ukuta, dari, sakafu, kioo na mita. Tuma usomaji wa umeme siku hiyohiyo, vinginevyo mnarithi matumizi ya aliyetangulia. Na ukumbuke kwamba duka lisilo na mkataba wa umeme hutozwa bei ya msambazaji asiyechaguliwa, ambayo huwa juu.

Maji yafunguliwe polepole kwenye koki kuu, mtu mmoja akisimama chooni na mwingine kwenye sinki, kwa sababu bomba lililopasuka wakati wa baridi huonekana siku hiyo. Yaacheni yatiririke dakika kadhaa kwenye kila bomba bila kurusha matone, kisha mrudie angalau mara moja kwa wiki: bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji yaliyolala yenye joto la nyuzi 20 hadi 45. Harufu mbaya ambayo kila mtu huilaumu sakafu, kwa kawaida hutoka kwenye mkunjo wa bomba chini ya sinki au sakafuni. Maji yaliyokuwa yakizuia hewa ya mtaro yamekauka. Ndoo moja ya maji humaliza tatizo ambalo kikundi kingelinunulia manukato ya pauni 40.

Umeme ukaguliwe na fundi mwenye sifa, na cheti chake kiwekwe kwenye faili. Kinachokatiza shughuli mara nyingi zaidi ni hita. Soketi ya Uingereza inabeba ampea 13, yaani kama kilowati 3; saketi nzima ya soketi ina breka, swichi inayokata umeme ukizidi, ya ampea 32, kama kilowati 7. Hita mbili kubwa na birika la umeme kwa wakati mmoja, na breka inaweza kuanguka, soketi zote zikakosa umeme. Andika kwa kalamu nene juu ya kila soketi ni ya saketi ipi. Tanuri kubwa la kuchomea vyungu halina nafasi kwenye soketi hizo, hata mtu aape.

Kuhusu moto, chumba chenye mlango mmoja tu wa kutokea hakipaswi kuwa na zaidi ya watu 60, na ikiwa mlango unafunguka kwa ndani, kaa chini ya hapo kwa mbali. Kutoka kona ya mwisho hadi mlangoni kusizidi mita 18. Usiku wa ufunguzi ndio unaovunja kanuni hizi. Kama kutauzwa pombe usiku huo, taarifa ya shughuli ya muda hupelekwa halmashauri siku 10 za kazi kabla, kwa ada ya pauni 21. Bima ya madhara kwa watu wengine ya pauni milioni 5 ndiyo inayoombwa mara kwa mara. Mwenye jengo naye lazima aiambie bima yake kwamba jengo halipo tupu tena, jambo ambalo wengi husahau kumkumbusha.

Sasa dirisha, na hapa sitaona haya kuwa mrefu. Mtu hutembea kama mita 1.3 kwa sekunde. Dirisha la mita 5 linampata kwa chini ya sekunde 4. Wengi wa watakaouona mradi wenu hawataingia kamwe. Kwao dirisha ndilo mradi wote.

Mchana nje huwa na mwanga kuliko ndani, kwa hiyo kioo humrudishia mpita njia sura yake na magari yaliyo nyuma yake. Kuning'iniza kazi kwenye ukuta wa nyuma, mita 6 ndani, ni kuzificha. Simamisha ubao wa rangi nyepesi sentimita 60 hadi 80 nyuma ya kioo, uweke kazi mbele yake, katikati ya kazi iwe kama sentimita 150 kutoka usawa wa njia ya miguu, na kitu kimoja cha kutazamwa kiwe chini zaidi kwa ajili ya watoto na walio kwenye viti vya magurudumu. Taa zifungwe juu, karibu na kioo, zikitazama ndani. Zikifungwa nyuma zikitazama barabarani, mtu anaona taa tu. Taa 6 za LED za wati 7 zikiwaka saa 7 hutumia kama uniti 0.3 kwa siku, kwa hiyo msizizime kwa kubana matumizi. Desemba, jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na watu wa kutoka kazini wanapita gizani; taima iwashe saa 9 na nusu, izime saa 4 na nusu usiku.

Usibandike ubao wala karatasi nyeusi moja kwa moja kwenye kioo. Jua hupasha katikati ya kioo huku kingo zilizo ndani ya fremu zikibaki baridi, na kioo hupasuka chenyewe mchana wa Februari bila kuguswa na mtu. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 yenye upenyo juu na chini. Hewa hiyo huzuia pia umande unaokunja karatasi. Kazi za karatasi zenye thamani zisiwekwe hapo kabisa. Makumbusho huzipa mwanga wa laksi 50 tu, na dirisha lenye jua hupokea maelfu kwa maelfu. Weka nakala.

Stika za mpangaji wa zamani hutoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na wembe uliolazwa, ukisukuma upande mmoja tu bila kurudisha. Kabla ya kukwangua, tafuta muhuri mdogo wa kioo cha usalama kwenye pembe yake: BS EN 12150, au BS 6206 kwa vya zamani. Kama hakuna, ile karatasi angavu iliyobandikwa huenda ndiyo inayokifanya kioo cha kawaida kiwe salama kikivunjika, na kuing'oa ni kuondoa kinga. Maandishi yenyewe: milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara ya mita 12 anahitaji herufi za milimita 100. Andika kinachofanyika, siku na saa. Taarifa ya msanii ya aya nne ibaki ndani.

Saa zikishaandikwa, zifuatwe. Mtu aliyekuta mlango umefungwa wakati karatasi inasema uko wazi harudi, na atawaambia wengine. Alhamisi hadi Jumamosi, saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa wiki 13 baada ya ile ya mafundi, ni saa 195. Kwa kuwa mtu hapaswi kukaa peke yake, ni saa 390 za watu. Tafuta watu wa saa hizo kabla ya kuchagua msanii. Miradi mingi huipanga kinyume, ikatumia fedha zote kwenye ufunguzi na kubaki na mlango wenye kufuli kufikia wiki ya tano.

Upande wa sanaa nina msimamo ambao si kila mtu anaupenda: maonyesho peke yake huleta marafiki wa wasanii, na meza ya kazi huleta mtaa. Uchapaji wa kuchonga linoliamu, yaani kuchonga picha kwenye kibao laini, kukipaka wino na kukigandamiza kwenye karatasi, unafaa sana duka dogo. Meza moja, viti 6, wino wa maji, na mtu anatoka na karatasi mkononi ndani ya saa moja. Udongo wa kufinyanga unapendwa, ila maji yake yasimwagwe kwenye sinki hata mara moja. Osheni mikono na vifaa kwenye ndoo tatu kwa zamu, acheni tope litue usiku kucha, mmwage maji ya juu na kuutia udongo kwenye mfuko wa taka. Bomba la duka la zamani likiziba kwa udongo, fundi atalipwa fedha iliyokuwa ya vifaa vya mwezi.

Kwenye kila pauni 100 ningetenga 30 zisizoguswa kwa bili za mwisho na kurudisha jengo lilivyokuwa. Mashimo yazibwe na kupigwa msasa, kuta zipakwe rangi mbili nyeupe. Zile mbao za mifereji za kuning'inizia bidhaa, ambazo kila msanii hutaka kuzing'oa siku ya kwanza, zibaki mahali pake. Ndizo za mwenye jengo. Siku ya ufunguo kurudi, piga picha zilezile kutoka pembe zilezile, soma mita mbele ya mwenye jengo, kisha waandikie halmashauri na msambazaji wa umeme tarehe ya kutoka. Barua hizo mbili zisipokwenda, bili huendelea kuandikwa kwa jina la kikundi, na kikundi chenyewe kwa kawaida huwa kimeshafunga akaunti yake ya benki.