Jinsi tulivyothibitisha uraia wa binti yangu ili abaki kwenye daftari la wapiga kura

Barua hiyo iliandikwa tarehe 11 Juni 2024 na ikatufikia siku tatu baadaye. Ilitoka katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti tunayoishi hapa Marekani, na ilimwambia binti yangu kwamba kumbukumbu za serikali zinaonyesha kuwa huenda yeye si raia, hivyo alete uthibitisho ndani ya siku 30, la sivyo jina lake litaondolewa katika daftari la wapiga kura. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akanikabidhi bila kusema neno. Alikuwa na umri wa miaka 19, na alikuwa amejiandikisha chuoni miezi mitatu kabla ya hapo ili mwezi Novemba apige kura ya rais kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Hofu yake haikuwa ya kukosa kura peke yake. Nchini humu, mtu asiye raia akijitangaza kuwa raia ili aandikishwe anaweza kushtakiwa, na anaweza kurudishwa alikotoka. Jioni ile aliniuliza, "Mama, kwani nilikosea kuweka alama kwenye neno raia?" Nilimjibu kwamba hakukosea, lakini nilijua pia kuwa jibu nililompa jikoni halingetosha ofisini.

Sisi ni Wakongo wa Fizi, Kivu ya Kusini. Binti yangu alizaliwa mwaka 2005 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na tuliletwa Marekani kama wakimbizi mwaka 2015. Mimi niliapa kiapo cha uraia mwezi Septemba 2021, naye wakati huo alikuwa na miaka 16. Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000 inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi aliye raia, huwa raia papo hapo pale masharti hayo yote yanapotimia. Haombi, haapi, wala hapewi cheti. Siku niliponyanyua mkono wangu ukumbini, yeye alikuwa darasani, na uraia ukamkuta huko huko.

Tatizo lilianzia hapo. Mwaka 2020 alipochukua kitambulisho cha jimbo alionyesha grinikadi, yaani kadi ya mkaazi wa kudumu, na ofisi iliyokitoa ikaandika kwamba si raia, jambo ambalo kwa siku hiyo lilikuwa kweli. Hakuna aliyekuja kulibadilisha. Hata mfumo wa serikali kuu uitwao SAVE, ambao majimbo huutumia kuhakiki hali ya uraia, unaweza kumkosa mtu wa aina yake, kwa sababu jalada lake la uhamiaji hubaki likisema mkaazi wa kudumu mpaka yeye mwenyewe aombe cheti au pasipoti. Naamini kwa dhati kwamba kura ni ya raia na kwamba daftari linapaswa kuhakikiwa. Ninachokitaka ni kwamba anayehakiki aulize kwanza kumbukumbu aliyoishika iliandikwa siku gani, kabla ya kumtumia kijana barua ya namna ile.

Jumatatu tulikwenda katika ofisi ya uchaguzi tukiwa na cheti changu cha uraia na grinikadi yake. Karani alitupokea kwa heshima, akavitazama, kisha akasema kwamba cheti hicho kina jina langu na yeye anahitaji karatasi yenye jina la binti. Nilimweleza ile sheria, lakini hakuwahi kukutana nayo. Sikubishana naye. Nilimwomba aandike kwenye nakala ya barua yetu kwamba tumefika tarehe 17 Juni na kwamba tunafuatilia, naye akaandika na kupiga muhuri. Karatasi hiyo ilinipa usingizi usiku ule.

Siku iliyofuata mwanasheria anayesaidia wakimbizi bila malipo alituonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuomba cheti cha uraia cha binti mwenyewe, ambacho ada yake kwa maombi ya karatasi ilikuwa dola 1,385 na kingechukua miezi mingi. Ya pili ilikuwa pasipoti: dola 130 za maombi, 35 za kupokelewa fomu na 60 za kuharakishwa, yaani dola 225, nayo ilitarajiwa kushughulikiwa kwa wiki mbili hadi tatu. Pasipoti ni uthibitisho wa uraia sawasawa na cheti. Kisha akaandika barua kwa ofisi ya uchaguzi akiomba wasifute jina wakati maombi yanashughulikiwa, na akatueleza kwamba, kwa sheria ya mwaka 1993 ya uandikishaji wa wapiga kura, majimbo hayaruhusiwi kuendesha ufutaji wa majina kwa mkupuo katika siku 90 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba, kwa hiyo katazo hilo lingeanza Agosti, nasi tulikuwa bado Juni. Hatukuwa na siku ya kupoteza.

Lililobaki lilikuwa kuthibitisha kwamba mimi ndiye mama yake. Tulikuwa na tangazo la kizazi alilopewa katika hospitali ya kambi, karatasi iliyokunjwa mara nne kwa miaka 19 hadi ikachanika kwenye mikunjo, na wino wa muuguzi umepauka. Nililitandaza mezani nikaona kitu ambacho sikuwahi kukizingatia: muuguzi aliandika jina langu kwa herufi L, ilhali cheti changu kina R. Nyumbani herufi hizo mbili hubadilishana nafasi kila siku wala hakuna anayeshtuka. Mwanasheria alinishauri nisiguse karatasi hata kidogo. Niliandika tamko la kiapo kueleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, tukaliambatanisha na kadi yangu ya chakula ya kambini yenye picha yangu, na mtafsiri asiye ndugu yetu akatafsiri yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kutia saini. Shule nayo ilitupa barua yenye anwani yetu ya tangu mwaka 2019, kuonyesha kwamba aliishi nami.

Tarehe 20 Juni tulikabidhi kila kitu posta. Kuiona nakala halisi ya cheti changu ikiingia ndani ya bahasha kulinitia uchungu, kwa maana sina nyingine. Pasipoti ilifika tarehe 9 Julai, zikiwa zimebaki siku mbili. Kesho yake binti aliipeleka mwenyewe, karani yule yule akaitoa nakala, na tarehe 22 Julai ikaja barua ya mstari mmoja na nusu ikisema kwamba uandikishaji wake ni halali. Cheti changu nacho kilikuwa kimerudi salama katika bahasha tofauti.

Wakati tukisubiri nilikuwa nimemsomea habari za Texas, ambako mwezi Januari 2019 ilitangazwa orodha ya watu takriban 95,000 walioshukiwa kupewa uandikishaji bila kuwa raia, na baada ya siku chache ikabainika kwamba takriban 25,000 kati yao hawakupaswa kuwemo, wengi wakiwa wamepata uraia baada ya kuchukua leseni za udereva. Mwezi Aprili zoezi hilo lilisitishwa kwa makubaliano. Alihitaji kujua kwamba hakuwa peke yake.

Baada ya hapo tulikwenda kurekebisha chanzo. Ofisi ya hifadhi ya jamii ilibadilisha kumbukumbu yake ndani ya nusu saa kwa kuiona pasipoti, na ile ya vitambulisho ikafanya hivyo hivyo wiki iliyofuata. Mdogo wake wakati huo alikuwa na miaka 14. Mwezi Agosti mimi na baba yake tulikwenda naye posta, kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji idhini ya wazazi wote wawili, tukalipa dola 135 na kumwombea pasipoti yake.